Ngoma Hizi Hazikuwa Pacha

Nina gari kuukuu, Peugeot 504 stesheni-wagoni, nililoachiwa na marehemu kaka yangu, na vijana wa mtaani kwetu Mombasa hunicheka kwalo. Mtunga mashairi na gari la safu tatu za viti, wapi na wapi! Siwajibu. Wa rika langu wanakumbuka jinsi magari haya yalivyobeba abiria, mbuzi na vyombo vya harusi, na jinsi ndugu zake wa 504 walivyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Lakini hizo ni sifa za kwenda mbio. Mimi leo nataka kusema juu ya kusimama, jambo ambalo halina msifu.

Masika iliyopita nilikuwa nikitoka Kilifi. Karibu na Mtwapa mtoto wa miaka kama minane akakatiza njia, mtungi wa maji kichwani. Nikakanyaga breki. Mkia wa gari ukateleza kwenda kushoto, pua ikageukia kulia, upande wa magari yanayokuja, nasi tukaja kusimama ng'ambo ya pili, hatua chache kutoka kwa muuza madafu. Mtoto alipita salama, wala hakugeuka nyuma. Mimi mikono ilinitetemeka hata nikashindwa kuzima mota.

Na hapa ndipo penye aibu yangu. Miezi mitatu kabla, dramu ya nyuma ya kulia ilipasuka. Nikaenda kununua nyingine, na muuzaji akaniambia, "Moja yatosha, mzee. Ile ya kushoto si ingali nzima?" Nikaona kweli, nikalipa nusu, nikarudi nyumbani nikijiona mwerevu.

Fundi niliyempelekea baada ya mkasa ule ni kijana mdogo, umri wa mwanangu. Aliliendesha gari mwendo mfupi akikanyaga breki mara kwa mara, akashuka, akadondoshea kila dramu ya nyuma matone machache ya maji. Ya kulia maji yalichemka. Ya kushoto yalitiririka tu. "Ami," akasema, "gari lako lina mguu mmoja."

Gari hili mbele lina breki za diski, nyuma ndiko kwenye dramu. Mafundi husema dramu. Mimi napenda kuiita ngoma, ila ngoma hii hupigwa kwa ndani. Ukikanyaga, mafuta ya breki husukuma silinda ndogo, nayo hutanua vyuma viwili vya nusu duara vyenye lainingi hadi viubane ukuta wa ngoma unaozunguka. Sasa, ngoma yangu ya kushoto ilikuwa imekerezwa mara mbili, tundu lake limepanuka kupita kiasi alichoruhusu mtengenezaji. Lainingi ilikuwa ikigusa katikati tu, nchani haifiki. Ya kulia ikashika yote. Juu ya barabara kavu waweza usijue. Juu ya lami iliyolowa, gurudumu moja hukwama na jingine laendelea na safari yake.

Sisi tuliokaa chuoni tukiwa wadogo, kisha tukafunzwa utunzi na wazee, jambo hili halikupasa kutupita. Nani atakubali mshororo wenye ukwapi wa mizani tisa na utao wa mizani saba? Ukizijumlisha ni kumi na sita, hesabu imetimia, na shairi limeharibika vile vile. Mhariri angenirudishia. Lakini chuma nilikipokea hivyo hivyo, kwa kuwa ni cha bei nafuu.

Tulibadili pande zote mbili: ngoma mbili za kipimo kimoja, lainingi za aina moja kulia na kushoto, na silinda ndogo zote mbili. Sili ya ekseli nayo, kwani mafuta yakivuja juu ya lainingi kazi yote ni bure. Kisha tukatoa hewa katika mabomba. Jambo moja nililipinga: kijana alitaka kupuliza vumbi la ndani kwa pampu. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake ni adui wa mapafu. Tukafuta kwa kitambaa kibichi, na kitambaa tukakitupa.

Najua nitaambiwa kwamba pacha ni ghali. Ni ghali, sikatai, na mwenye kutafuta riziki kwa gari bovu simcheki. Ila nasema gari lisilo na breki sawasawa nalikae uani, hata likae mwezi, mpaka ipatikane ya pili. Lawama yangu kubwa ni kwa wauzaji wanaojua na kunyamaza, na kwetu sisi wenye kujigamba na magari ya kale. Twapaka rangi, twang'arisha bampa, twayapeleka harusini yakiwa na maua. Kilicho ndani ya gurudumu hakipigwi picha, basi hatukitazami.

Jumamosi iliyopita nilipita Mtwapa tena, nikasimama makusudi kununua dafu. Gari lilisimama limenyooka. Muuzaji alinitambua, na kabla ya kunisalimu akakivuta kiti chake nyuma.