Viatu vyako, nani anavishona?



Mwezi huu sianzi na mahubiri, naanza na kiatu. Niko na viatu vya ngozi vyeusi, alivyoniachia mkubwa wangu mbele ya kufa. Siku moja nilivuka mto kwa pirogi kwenda Lubunga kumzika ndugu mmoja wa kanisa. Mvua ilitunyeshea njia yote. Wewe unayeishi Kisangani unaijua mvua yetu: tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na hakuna mwezi unaopita bila mvua. Niliporudi, kiatu cha kuume kilikuwa kimefungua kinywa kama mbuzi anayelia. Nikaviweka vyote viwili kando ya mbabula vikauke mbio.

Kesho yake nikampelekea kordonye wa kwanza niliyemkuta njiani. Alipaka kole, akakandamiza kwa mkono, akanirudishia pale pale. Bei ilikuwa ndogo, nikafurahi. Siku ya Mungu, nilipokuwa napanda kwenda kuhubiri, soli ikabaki nyuma yangu. Watoto walicheka. Mama Mchungaji naye alicheka.

Ndipo nikajifunza kutafuta. Sikuuliza wenye pikipiki, niliuliza wanaotembea kwa miguu: mwalimu wa shule, mama anayezungusha ndizi kichwani. Wote wawili walinionyesha mzee mmoja anayekaa chini ya mti, katika komini ya Mangobo. Ndugu, ukitaka fundi mzuri, angalia miguu ya wale wanaotembea sana, kisha uwaulize.

Mzee yule hakushika kole. Alitia mkono ndani ya kiatu, akakikunja, akakinusa. Akaniambia: “Baba Mchungaji, hii kiatu uliipika.” Nikakubali kosa langu. Akanifundisha kwamba ngozi ina mafuta yake. Moto unayafukuza, ngozi inakuwa ngumu, halafu inapasuka. Kiatu kikilowa, ukipanguse matope, ukijaze karatasi ndani, ukiache kivulini penye upepo siku mbili au tatu. Kikikauka, ndipo ukipake mafuta ya viatu.

Sasa sikiliza alama za fundi anayejua kazi, nilizoziona kwa macho yangu.

Kwanza, anauliza mbele ya kugusa: kiatu kiliharibika namna gani, unakwenda nacho wapi. Kiatu cha kanisani na kiatu cha kushukia machimboni havitengenezwi sawasawa.

Pili, hana haraka na kole. Anasugua pande zote mbili mpaka uchafu wa zamani utoke, anapaka pande zote mbili, kisha anangoja kole ikauke kidogo mpaka isishike kidole. Hapo ndipo anaunganisha na kupiga nyundo. Anayebandika kole ikiwa ingali maji anakuuzia siku moja tu.

Tatu, anashona. Uzi wa nailoni unashinda uzi wa pamba, kwa maana unyevu hauuozeshi upesi. Na anafuata matundu ya zamani, kwa sababu ngozi yenye matundu mengi inakatika kama karatasi.

Nne, anajua kukataa. Ziko soli za povu ambazo unyevu umezila ndani, hata kama kiatu kilikaa tu sandukuni. Zinavunjika kama mkate mkavu. Hakuna uzi wala kole itakayozishika. Fundi mwenye haki atakuambia: “Tuitoe yote, niweke ya mpira wa gari.”

Aliomba siku tatu. Nilipokuja kuchukua, alinitajia bei. Nikacheka kidogo, nikasema: “Baba, mimi ni mtumishi wa Mungu.” Alinyamaza. Akachukua sindano yake, akajibu bila hasira: “Baba Mchungaji, huu uzi siuchukui kwa jina la Bwana. Ninaununua na franka.”

Nililipa yote. Lakini aibu haikuishia pale. Kando yake alikaa kijana mmoja akipiga misumari, na nilimtambua. Alikuwa ametoka kwenye machimbo ya almasi mikono mitupu, na mama yake alikuja kwangu mara nyingi tuombe ili mwanawe apate kazi. Mwana alikuwa na kazi! Mama aliona haya kuitaja, na mimi nilipiga magoti pamoja na haya yake.

Tumesahau tulikotoka. William Carey, Mwingereza, alikuwa fundi wa viatu. Mwaka 1792 yeye na wenzake walianzisha shirika la misioni la Wabatisti, na mwaka 1793 akaenda India. Wamisionari wa shirika hilo hilo ndio waliokuja Yakusu, hapa karibu na Kisangani, mbele ya mwaka 1900. Habari Njema ilitufikia kwa njia iliyoanza na mtu mwenye sindano na ngozi magotini.

Basi, wazazi, msifiche mtoto anayeshona viatu. Vijana, almasi inaweza kukukataa miaka mingi, lakini miguu ya watu inachakaa kila siku. Na sisi watu wa kanisa, mapatano ya bei tuyafanye mbele ya kazi, na tulipe siku ile ile, mbele ya jua kushuka, kama Kumbukumbu la Torati 24 inavyoagiza juu ya mshahara wa maskini.

Viatu vya mkubwa wangu ningali navivaa. Yule mama nilimwendea navyo miguuni, nikamwonyesha mshono. Mwanawe ndiye aliyeushona wa upande wa kushoto.

Mbaki na amani.