Sharti Lisilo na Jina

Katika misitu ya Udzungwa, juu ya kijiji chetu cha Sanje, anaishi kima ambaye wenyeji humwita ngolaga. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979, na jina lake la kitaalamu leo ni Cercocebus sanjei: neno la kwanza lataja jamii yake, la pili lataja kwao. Alisomaye ajua pa kuanzia kumtafuta.

Nimelikumbuka jina hilo kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Niliunda kanzidata ya mizani ya miwa kwa kikundi kimoja cha wakulima, nikaweka sharti kwamba uzito wa mzigo uzidi sifuri, kisha nikaliacha bila jina. Siku moja ya mavuno mfumo ukamkatalia karani, ukamwambia kuwa sharti SYS_C, likifuatwa na tarakimu, limevunjwa. Akanipigia simu kuuliza maana yake. Mimi niliyelitunga sikuijua. Nilipolifukua, jua lilikuwa limezama na matrekta yamepanga foleni. Karani alikuwa amepishanisha tu uzito wa trekta tupu na wa trekta lenye miwa. Jina moja lingemwambia hayo papo hapo.

Ndugu msomaji, usipotaja jina, mfumo utajitajia, na kila mfumo una mila yake. Oracle hutoa tarakimu kama zile. PostgreSQL huunganisha jina la jedwali na la safu. MySQL huuita kila ufunguo wa msingi PRIMARY. Hata urefu hutofautiana: PostgreSQL hukata jina lipitalo baiti 63, MySQL huishia herufi 64, na Oracle kabla ya toleo la 12.2 ilikomea baiti 30. Tena katika MySQL majedwali mawili yaweza kuwa na faharasa zenye jina moja. Ukizihamishia PostgreSQL katika skima moja, ya pili itakataliwa.

Basi rai yangu ni hii. Tutaje wenyewe, kwa utaratibu mmoja unaovumilika kote: jedwali kwanza, safu ya pili, aina mwisho, kwa herufi ndogo, bila kuvuka thelathini. Miwa_uzito_sharti iwe miwa_uzito_sharti daima, na miwa_tarehe_faharasa isihitaji mkalimani.

Na tutaje kwa Kiswahili. Wapo wasemao Kiingereza ndicho lugha ya waandishi wa programu. Ni kweli, lakini jina la sharti halisomwi na mwandishi peke yake. Husomwa na karani aliye mizanini saa ile mambo yanapoharibika. Lugha yetu haina alama juu ya herufi zake, hivyo yaingia katika mifumo hii bila taabu. Ni ritifaa ya ng'ombe tu ya kuachwa. Maneno tunayo: kanzidata, jedwali, faharasa, sharti. Tumeyahifadhi katika kamusi, kazini tukayasahau.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Jioni ile pale mizanini palikuwa na giza, nami sikuwa nimeacha hata kibatari.