Ngoma Mbili, Uwanja Mmoja

Jina la Buzwagi liliwafikia wasomaji wengi wa pwani mwaka 2007, pale mkataba wa mgodi uliotiwa saini London ulipozua mtafaruku Bungeni. Likarudi tena mwaka 2017, makontena ya makinikia yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam. Mgodi wenyewe, ulioanza kuzalisha mwaka 2009, ulifikia ukomo wake mwaka 2021. Katika miaka yote hiyo eneo hilo la Kahama, mahali Wasukuma na Wanyamwezi wanapopakana, lilisomwa kama shimo la dhahabu, basi. Kwamba nchi hiyo ina jukwaa, na jukwaa hilo lina wahakiki wake, ni habari ambayo wahakiki wetu wa sanaa za maonyesho wameshindwa kuifikisha.

Ukiwauliza historia ya tamthilia ya muziki, watakupeleka New York. Watataja The Black Crook ya mwaka 1866, kisha Show Boat ya 1927, kisha Oklahoma! ya 1943, ambayo husifiwa kwa kuwa wimbo, dansi na kisa vilishikana ndani yake, hata ukikiondoa kimoja vingine huanguka. Kipimo hicho hakina ubaya. Ubaya ni kwamba kikivuka bahari huachwa forodhani. Huku, kilichoandikwa na kugawanywa katika maonyesho ndicho tamthilia. Ngoma ni malighafi. Ni makinikia: mchanga unaongoja kusafishwa kwingine ndipo uitwe dhahabu.

Na wachukue basi kipimo chao wenyewe wakipimie bugobogobo ya Wasukuma. Jembe linalorushwa na kudakwa na mchezaji ndilo lililolima shamba; ngoma hiyo ilizaliwa katika vikundi vya kulima kwa ushirika, ambamo wimbo ulipanga mwendo wa majembe. Kisa ni kazi yenyewe. Ondoa wimbo, jembe linapoteza mwendo. Ondoa jembe, wimbo unabaki bila jambo la kusema. Frank Gunderson alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300 katika kitabu chake cha mwaka 2010, nyimbo za kuwatosha wahakiki kumi maisha yao yote.

Lakini hoja kubwa iko kwenye mashindano. Mapokeo ya Usukuma yanawataja waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ngoma ili ijulikane dawa ya nani ina nguvu. Wafuasi wao ndio Bagika na Bagalu, na mgawanyiko huo haujafa. Baada ya mavuno makundi mawili huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna anayemsubiri mwenzake amalize. Watazamaji husikiliza huku, hutupa jicho kule, kisha huenda wanakotaka. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Msomaji wa pwani aliyelelewa katika majibizano ya Muyaka, au aliyewahi kuwasikia wazee wakisimulia mashindano ya beni, hahitaji kufundishwa maana yake. Manju aliyetunga wimbo mlegevu huhukumiwa papo hapo, kwa kuonyeshwa migongo. Mhakiki gani wa gazeti la New York amewahi kuwa mkali hivyo? Yeye huandika usiku, naye mtunzi akasoma asubuhi. Huyu wa Usukuma huhakiki kwa miguu, na wimbo ungali kinywani mwa mwimbaji.

Itasemwa kwamba umati hudanganyika. Kweli. Nyoka wameletwa uwanjani, hata fisi, na dawa za kuvuta watu hazikukosekana. Lakini The Black Crook nayo ilijaza ukumbi kwa sehemu kubwa kwa miguu ya wacheza baleti na kwa mitambo ya jukwaani, wala hakuna aliyeifuta katika historia kwa sababu hiyo.

Hawakukosekana waliosema. Ebrahim Hussein aliandika tasnifu kuhusu maendeleo ya thieta Afrika Mashariki mwaka 1975. Penina Muhando Mlama alitetea, katika kitabu cha mwaka 1991, thieta inayoanzia kwenye sanaa za watu wenyewe. Elias Songoyi, katika tasnifu yake ya mwaka 1988, aliwaweka mizanini manju wawili, Mwinamila aliyeimba karibu na Chama na Kalikali aliyekosoa, akachunguza dola inamfanya nini msanii. Walisomwa vyuoni, wakapigiwa makofi, na mambo yakaendelea yalivyokuwa.

Yaliendeleaje? Ngoma ilikatwa ikawa ya dakika chache, ipokee wageni uwanja wa ndege na itangulie hotuba. Katika ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita, desturi hiyo imeota mizizi: uzinduzi una ngoma yake, kampeni ina ngoma yake, na wachezaji wamevishwa fulana zenye nembo. Wahakiki husikitika kwamba ngoma imepoteza urefu wake na mavazi yake. Wanalalamikia kidogo, wanaacha kikubwa. Hapo pana kundi moja tu, na watazamaji wamekalishwa vitini wakielekea upande mmoja. Hawana pa kuhamia. Manju anaweza kuimba lolote, hata ovyo, na umati wake hautapungua hata kwa mtu mmoja. Aliyenyang'anywa kazi hapo, kabla ya mchezaji, ni mhakiki.

Anayetaka kuiandika upya historia hii na aende Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement, siku za Bulabo, Bagika na Bagalu wanapokabiliana. Asikubali kupewa kiti.