Paka ni Twahara, Mchanga Wake Je?

Sisi watu wa pwani tumekua na paka majumbani. Hulala mkekani, huzunguka sinia, na twajua kisa cha Abu Qatada, radhi za Allah zimfikie, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, kisha akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi.

Wengi wetu twaishia hapo. Paka ni twahara, lakini kinyesi chake ni najisi, na chaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma, ambavyo huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Basi mchanga wake na uondolewe kila siku, wala mama mjamzito asiuguse, kwani maradhi hayo humdhuru mtoto tumboni.

Viroboto nao tusiwaue kwa mafuta ya taa. Paka hujilamba, na sumu hiyo humwingia mwilini. Kitana chembamba kinachochovywa katika maji ya sabuni chasaidia.

Jamani, aliyemkaribisha paka mkekani amebeba amana. Kumtupia vichwa vya samaki pekee si kumtunza.