Kanjo naye atapanda cheo lini?

Wasee, najua tukisikia neno kanjo tunawaza mbio tu. Mama mboga anakusanya nyanya, wa boda anawasha pikipiki, na sisi tunatoa simu kurekodi. Sawa. Lakini hakuna mtu huuliza huyo jamaa wa sare atapandishwa cheo lini.

Kuna jirani yetu hukata risiti sokoni. Aliajiriwa 2014, kaunti zikiwa bado mpya, na mpaka leo yuko job group ileile. Na si mvivu. Alirudi shule kwa pesa yake, akapata diploma, akapeleka cheti ofisini, akaambiwa "tutakuita". Cheti kimelala kwa faili. Halafu gavana mpya akaingia na vijana wake wa kampeni, na mmoja wao akawekwa kuwa mkubwa wake. Tena yeye ndiye alipewa kazi ya kumfundisha huyo kijana. Fikiria hiyo asubuhi.

Shida iko kwa mpangilio wenyewe. Polisi ana mwajiri mmoja nchi nzima, anaweza kupelekwa popote. Karani wa kaunti yuko chini ya mmoja kati ya waajiri 47, kila mmoja na bodi yake ya utumishi wa umma. Kama kwake hakuna nafasi juu, hawezi tu kuhamia kaunti jirani, mpaka wao wakubali kumchukua. Na wajumbe wa bodi huteuliwa na nani? Gavana, bunge la kaunti likipitisha.

Pesa nayo. Kanuni za fedha za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zimepita hapo. Kwa hivyo ukiomba kupandishwa unaambiwa bajeti haitoshi. Hilo jibu ningelikubali kama lingekuwa la kila mtu, lakini bajeti ya mshauri wa gavana haikosekani.

Kuna wale wataniambia asome digrii. Mimi chuo niliacha, karo naijua vizuri. Kwa mshahara wa kukata risiti, na watoto shuleni, atalipia nani kwanza?

Hii inatuhusu sisi pia. Mtu akishajua hatapanda kamwe, analinda rekodi yake ya nini? Kitu kidogo cha mama mboga kinageuka kuwa ndiyo nyongeza yake ya mshahara. Sisemi ni sawa, nasema ndivyo inavyokuwa.

Sheria ya 2012 inataka bodi ipeleke ripoti kwa bunge la kaunti. MCA wako akija mtaani kugawa fulana za 2027, chukua fulana, halafu muulize hiyo ripoti inasema nani alipanda, kutoka wapi, baada ya miaka mingapi. Mwambie akuonyeshe karani mmoja tu aliyepanda bila kujuana na mtu.