Mahari Yako Si Nauli ya Zanzibar



Leo sina mshono mpya wa kuwaonyesha. Sina shela, sina abaya ya lesi, sina namna ya kubana mtandio usiteleze. Leo nina dukuduku. Na wewe unayeolewa mwezi ujao nakuomba usome mpaka mwisho, hata kama utanichukia katikati.

Wanaonisoma wananijua. Mimi ni fundi, nilimaliza kidato cha nne nikasomea ushonaji, na sasa nina fremu yangu hapa Kizwite, Sumbawanga, na mafundi wanne. Nashona magauni ya harusi. Siri za mabibi harusi nazijua kabla ya mama zao: nani amepungua kwa mawazo, nani anapokea simu kila dakika, nani anapimwa huku machozi yanamlengalenga. Na kwa miaka ya karibuni nimeona jambo likikua mbele ya macho yangu. Zamani bi harusi akiingia dukani tulimuuliza, "Ndoa inafungwa msikiti gani?" Siku hizi tunamuuliza, "Mnaenda Zanzibar lini?" Akijibu kwamba hawaendi, duka zima linanyamaza kama amefiwa.

Nianze kwa kusema kwamba Zanzibar naipenda. Nikishafunga mzigo wangu wa vitambaa Kariakoo, nikiwa na nafasi, huvuka kwenda Darajani kutafuta lesi na mitandio. Nimekula Forodhani usiku, nimeswali Mji Mkongwe, nimerudi na karafuu kwenye mkoba. Kwa hiyo asije mtu akasema huyu wa Sumbawanga anaona wivu kwa kuwa hajafika. Nimefika. Ninachokipinga ni hiki: mahari ya mwanamke kugeuzwa nauli na kodi ya chumba cha hoteli, kisha pengo kuzibwa kwa mkopo wa riba, halafu tunaliita jambo hilo mapenzi.

Sikilizeni kisa. Nilikuwa na binti hapa dukani, nimemfundisha kazi mwenyewe. Mkono wake mwepesi, zipu ya kujificha anaiweka hujui imeanzia wapi. Akaposwa. Akataja mahari shilingi 1,800,000 na akaniambia kwa furaha, "Dada, nanunua cherehani ya umeme na overloki ya mtumba." Nikamwambia mashallah, umetumia akili. Mahari ikatolewa taslimu, mbele ya mashahidi.

Wiki mbili kabla ya harusi, bwana akaja na wazo. Siku tano Zanzibar, hoteli ya ufukweni. Bei ya jumla ilikuwa kama milioni 3. Yeye angetafuta 1,200,000, na bibi angeongezea ile mahari, "kwa sababu sisi sasa ni kitu kimoja." Aliulizwa wapi? Sebuleni, mbele ya shangazi za mume na mawifi, simu ya mmoja wao inarekodi. Akasema, "Sawa."

Dada zangu, mimi napima watu kila siku. Mteja akisema "sawa" huku anavuta mkono wa gauni, najua nguo inambana.

Wakaenda. Ile 1,200,000 bwana aliikopa kwenye mikopo hii tunayoiita kausha damu, asilimia 10 kwa mwezi kwa miezi mitatu, dhamana ni bajaji yake. Hoteli ilikuwa ya watalii. Bwawa la kuogelea lilikuwa mlango mmoja na baa. Binti alikuwa na gauni la pamba la kuingilia majini, akaambiwa nguo ile hairuhusiwi bwawani. Ufukweni akaona haya, kwa kuwa kila upande watu walikuwa nusu uchi. Siku tano akaitazama bahari kupitia kioo cha chumba. Picha zilikuwa nzuri sana, nakiri. Mtaa mzima ulizisifia.

Mwezi wa nne bajaji ilichukuliwa. Sasa bwana anaendesha ya mtu, kila jioni anapeleka hesabu, kinachobaki ndicho chakula. Na binti amerudi kwangu, anashona kwenye cherehani yangu, namlipa kwa nguo. Kodi ya fremu hapa kwetu ni 60,000 kwa mwezi. Mahari ile ingemlipia fremu yake miezi 30.

Na mimi sijatoka msafi. Zile nguo tano za safari nilimshonea mimi, kwa 240,000, nikicheka naye huku nikimtamanisha aongeze ya sita. Hela ile ilitoka kwenye fungu lilelile. Naandika haya kwa sababu nimekuwa mmoja wa wanaowasukuma mabinti.

Sasa tuseme kwa hoja.

Mahari ni ya nani? Suratun-Nisaa, aya ya 4, haina fumbo: wanawake wapewe mahari yao, na mume atumie kitu humo pale tu mke aliporidhia mwenyewe kwa moyo wake. Hata Sheria ya Ndoa ya nchi yetu, ya mwaka 1971, inasema kwamba kufunga ndoa peke yake hakubadilishi umiliki wa mali ya mke wala ya mume. Kwa hiyo yale maneno ya "sisi sasa ni kitu kimoja" ni matamu, ila hayahamishi mali. Ukitaka kumpa mumeo, mpe, ni halali yake na una thawabu. Lakini kuridhia ni kuwa na nafasi ya kusema hapana bila kuaibishwa. Ukiulizwa mbele ya mawifi na simu inarekodi, nafasi hiyo hukupewa.

Na riba? Hapo sihitaji kuwaambia kitu. Mnaijua Suratul-Baqara na vita vilivyotangazwa humo. Tunakwepa nyama tusiyojua imechinjwa na nani, kisha ndoa tunaifungulia kwa pesa ya riba! Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni ndani ya swala yake. Sisi tunalitafuta deni, tunalivalisha shela, tunalipiga picha machweo.

Mtaniambia, "Dada, na sisi tunataka kumbukumbu." Ni haki yenu. Safari ya maharusi si haramu wala si uzungu. Mtume (S.A.W.) alipomuoa Bibi Safiyya walikuwa njiani, wakirudi Madina kutoka Khaybar, wakakaa hapo siku tatu. Walima wao ulikuwa tende, jibini kavu na samli juu ya ngozi iliyotandikwa. Na mahari yake, kama alivyopokea Anas, ilikuwa uhuru wake. Fikirini hapo. Mahari ya mama yetu ilimfungua. Ya kwetu inatufunga kwa mkopeshaji.

Mtaniambia tena, "Wenzetu wote wanaenda." Si kweli. Wenzako wote wanaposti. Hujaona daftari la madeni la hata mmoja.

Na ninyi dada zangu wa visiwani, mniwie radhi, nanyi nina neno lenu. Neno fungate limetoka kwenu, pwani. Ni siku saba: bibi na bwana ndani, chakula kinaletwa, somo anaingia na kutoka, hakuna wa kuwatuma sokoni wala wa kuwagongea. Ndugu ndio waliobeba gharama ili maharusi wapumzike. Hiyo ndiyo iliyokuwa honimuni yenu kabla Nungwi haijajengwa hoteli hata moja. Leo mnatupostia kitanda kilichopangwa maua kwa umbo la moyo na bei ya dola, na dada wa Laela, Matai au Namanyere anaona kwamba ndoa yake bila kitanda kile ina kasoro. Tuonyesheni na fungate ya bibi zenu. Tutaiiga hiyo, tena bure.

Sasa kwa anayetaka kwenda kweli. Sikuzuii, nakupangia. Hivi ndivyo ningempangia mdogo wangu.

Kwanza, mahari ikae kando kabisa. Nunua kitu chako au iweke. Safari iwe na fungu lake, mnachanga wawili kwa kipato chenu. Kama halijajaa siku ya harusi, msiende wiki ile. Nendeni baada ya miezi sita au mwaka. Hakuna aya inayosema bahari inaharibika baada ya wiki ya kwanza ya ndoa.

Pili, chagueni mwezi. Julai, Agosti na Desemba wageni ni wengi na bei zinapanda. Machi hadi Mei ni masika, vyumba vinashuka bei lakini mvua inaweza kuwafungia ndani. Mimi napenda Septemba kuelekea Oktoba. Mwezi wa Ramadhani wa funga yenu acheni, kaeni nyumbani mfuturu na wazee.

Tatu, hesabuni njia. Kutoka Sumbawanga ni Tunduma, Mbeya, hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi, ndipo boti ya kama saa mbili. Lala Dar usiku mmoja. Maharusi wengi wanagombana siku ya kwanza kwa uchovu tu, kisha wanadhani wameoana vibaya. Beba kitambulisho, na sweta yetu ya Ufipa iache kwenye begi, kule utaloa jasho.

Nne, ipigie simu hoteli kabla hujatuma hata shilingi. Uliza: bei ya Mtanzania ni ipi, maana kuna hoteli zenye bei ya mkaazi iliyo chini ya ile ya mgeni. Bwawa liko karibu na baa? Nguo ya kuogelea ya stara inaruhusiwa? Chumba kina mahali pa kukaa nje bila kuonekana? Kibla ni upande gani? Akikujibu kwa mkato au akacheka, umeokoa pesa yako.

Tano, ulizeni maji. Nungwi na Kendwa, kaskazini, bahari haiendi mbali yanapokupwa. Mashariki, Paje na Jambiani, maji hukupwa yakaenda mbali sana, na asubuhi utawakuta kina mama kwenye mashamba yao ya mwani. Ni pazuri kutembea, ila usiende kwa kutegemea kuogelea saa zote.

Sita, nguo, na hapa nazungumza kama fundi. Msiingie majini na pamba wala kitenge. Vinanyonya maji, vinakuwa vizito na vinakushika mwilini, stara yote inakwisha. Tafuta kitambaa cha nailoni kinachovutika, cha rangi iliyokoza, juu yake sketi au kanzu fupi inayofika magotini, kilemba cha kubana. Seti moja inatosha. Hizo nyingine tano fundi wako anajitafutia riziki.

Saba, si lazima mlale ufukweni. Gesti safi Mji Mkongwe, chai ya asubuhi ndani ya bei, jioni Forodhani, siku moja mwende Kizimkazi mkauone msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Hapo mtapata picha ambayo hata wajukuu mtawaonyesha bila kuifunika na kidole.

Na kama fungu halifiki huko, mimi nasema bila haya: tuna kwetu. Kipili ipo kwenye Ziwa Tanganyika, maji yake unaona mawe ya chini. Kalambo iko mpakani na Zambia, maji yanaanguka zaidi ya mita 200. Mnakwenda na kurudi bila kuuza kitu.

Mwisho nawapa ahadi yangu ili nisiwe wa maneno tu. Bi harusi akija kwangu kushona nguo za safari, sasa namuuliza, "Mahari yako iko wapi?" Akinijibu ipo, nampima. Akinyamaza, nampa chai, tunaongea kwanza. Nimeshapoteza wateja watatu kwa swali hilo, na mmoja aliniita mchawi wa Sumbawanga. Sawa. Bora aninunie sasa kuliko aje kushona kwa malipo ya nguo kwenye cherehani ya mwenzake, wakati ya kwake ililala hotelini siku tano.

Mama mwenye binti, kaa naye kabla ya nikaha, muwe wawili tu, muulize kama ile "sawa" yake ilitoka moyoni. Na wewe bwana harusi unayesomewa haya na mchumba wako, mpeleke popote unapoweza kwa jasho lako. Akikuona umeacha mahari yake mahali pake, utakuwa umempa fungate ya maisha.

Allah azitie baraka ndoa zetu, atukinge na deni na riba, na awajaalie mabinti zetu kauli. Amin.

Wabillahi tawfiq.