Yoga nayo ina kiinimacho chake

Yoga Sutra, kitabu kidogo cha Kisanskriti kutoka India, kinaorodhesha mambo tisa yanayomkwamisha mwanafunzi wa yoga. La kwanza ni ugonjwa. Shaka imo, uvivu umo, na la saba ni kukiona kitu kisivyo. Aliyetajwa kuwa mtunzi wake, Patanjali, aliishi zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, kabla ya studio zenye vioo na picha za mitandaoni. Hata hivyo aliona kwamba mtu anaweza kufanya mazoezi yote na bado akadanganyika.

Wengi wanaoijua yoga leo wanaijua kama kujinyoosha juu ya mkeka. Kitabu chenyewe kina mafungu mafupi 195 (matoleo mengine yana 196), na ni matatu tu yanayofafanua mkao wa mwili. Sehemu kubwa inahusu akili. Kinachotafutwa kinaitwa viveka, yaani uwezo wa kupambanua, na kinyume chake ni avidya, kutojua. Kutojua huko si kukosa elimu ya darasani. Ni kukichukua kinachopita kama cha kudumu, kichafu kama safi, kinachoumiza kama raha, na kisicho nafsi kama nafsi. Mvutaji sigara anaielewa hiyo ya tatu bila kufundishwa: kile anachokiita starehe ya asubuhi ndicho kinachomkohoza usiku.

Walimu wa Vedanta, falsafa nyingine ya India iliyopewa nguvu na Shankara takriban karne ya 8, wana mfano wao maarufu. Mtu anatembea gizani, anaona nyoka njiani, anaruka. Taa ikiletwa, kumbe ni kamba. Moyo ulidunda kweli na jasho lilitoka kweli, ila nyoka hakuwepo. Waswahili tuna jirani wa mfano huo tunaposema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kwa afya ya familia, hata hivyo, hatari kubwa zaidi iko upande wa pili: nyoka yupo, na mtu anaona kamba.

Chukua shinikizo la damu. Mara nyingi halina dalili yoyote. Mama mwenye presha anaingia darasa la yoga, anapumua polepole kwa saa nzima, anatoka kichwa chepesi na mabega yamelegea. Utulivu huo ni wa kweli na ana haki ya kuufurahia. Tatizo linaanza anapouhesabu kuwa kipimo, akajiambia presha imekwisha, na wiki inayofuata vidonge vinabaki kabatini. Hisia ni jambo moja, mishipa ya damu ni jambo jingine. Kuvitenganisha viwili hivyo ndiyo viveka kwa maana ya kawaida kabisa, isiyohitaji pango wala mlima.

Yoga haikosi faida. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017 kuhusu maumivu sugu ya kiuno yalionyesha kuwa inasaidia kiasi, ukilinganisha na kukaa bila mazoezi, ingawa baadhi ya washiriki maumivu yao yaliongezeka. Kiasi. Neno hilo huwa halionekani kwenye matangazo.

India yenyewe imeliona hili mahakamani, tena kwa kampuni iliyobeba jina la Patanjali. Patanjali Ayurved, yenye uhusiano na mwalimu maarufu wa yoga Baba Ramdev, ilishtakiwa na Chama cha Madaktari cha India kwa matangazo yaliyodai tiba ya magonjwa yakiwemo shinikizo la damu na kisukari. Februari 2024 Mahakama ya Juu iliizuia kutangaza dawa zake kwa namna hiyo. Aprili radhi ikachapishwa magazetini, na Agosti mahakama ikaipokea na kufunga shauri la kuidharau mahakama, ikionya jambo hilo lisirudiwe. Mzee aliyeonya juu ya kuona kitu kisivyo, jina lake likawa kwenye nembo. Mtu hawezi kubuni kejeli nzuri zaidi ya hiyo.

Lakini kumlaumu mwenye duka ni rahisi. Kiinimacho kigumu zaidi ni kile ambacho mazoezi yenyewe hukizaa ndani ya mtu. Mwaka 2018 jarida la Psychological Science lilichapisha utafiti kutoka Ujerumani uliofuatilia wanafunzi 93 wa yoga kwa wiki 15. Walitarajiwa, kwa mujibu wa mafundisho yao, kupungukiwa na kujiona. Ilikuwa kinyume: muda mfupi baada ya darasa walijiona bora kuliko wenzao zaidi ya siku ambazo hawakufanya mazoezi. Kila familia ina mtu wa aina hii, awe wa yoga, wa mfungo au wa kukimbia asubuhi. Tangu aanze, haongei na watu, anawahubiria.

Patanjali hashangai. Katika sehemu ya tatu ya kitabu anaeleza uwezo wa ajabu unaodaiwa kumjia mwenye kutafakari kwa kina, kisha anauita kizuizi. Na katika hatua zake nane mkao ni wa tatu. Hatua ya kwanza ni maadili: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia, kutojilimbikizia. Kusema kweli kunatangulia mkeka, na mtu wa kwanza kuambiwa kweli ni mwenyewe.

Anataja pia njia tatu za kujua jambo kwa usahihi: kuliona moja kwa moja, kulikisia kwa hoja, na kulipokea kwa shahidi wa kuaminika. Muislamu au Mkristo anayeogopa kwamba yoga itamchanganya imani anaweza kuzitumia hizo tatu bila kuhama dini. Mwenye presha apime kabla ya kuanza mazoezi na aendelee kupima kwa wiki kadhaa, aandike namba, ampelekee daktari, na kidonge kipunguzwe na aliyekiandika. Mwalimu wa yoga anayekasirika akiulizwa kuhusu dawa hafai kuwa shahidi.

Kuna mkao mmoja unaopigwa picha sana, wa kusimama kwa kichwa. Unapandisha sana shinikizo ndani ya jicho. Mwenye glakoma, ile ambayo wengi huiita presha ya macho, amwambie mwalimu kabla darasa halijaanza na mkao huo auache. Ugonjwa huo nao huiba uwezo wa kuona kidogokidogo bila maumivu, na mwenyewe anaweza asijue mpaka sehemu ya uoni imeshakwenda.